Karatasi Niliyoichomoa Kwenye Mfuko wa Mwenzangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na nauomba haraka. Jana Jumatatu saa sita mchana Dokta Renata Quill, mkuu wa ofisi ya kazi za kujitolea hapa chuoni, alitutangazia kwamba safari ya mwakani ya kwenda Kentucky itaongozwa na Odalys Fenwick, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyeingia kwenye safari ya mwaka huu kwa sababu tu mtu mwingine aliugua, na ukumbi mzima ukapiga makofi, na mimi niliyeiongoza safari hiyo nikapiga makofi pia, nikiwa nimepakata daftari langu ambalo ndani yake kuna karatasi ya Odalys niliyoiiba tarehe 13 Machi, na yeye hajui hata kama karatasi hiyo ipo.

Niko mwaka wa tatu. Likizo ya Machi ikifika wenzetu wengi huenda Florida kulala kwenye mchanga, lakini sisi kumi na wawili hupanda gari la chuo, tukavuka mto Ohio, tukaenda milimani mashariki ya Kentucky kutengeneza nyumba za wazee chini ya shirika la huko linalotupokea, tunalala kwenye sakafu ya ukumbi wa kanisa, hakuna pombe, simu zinakusanywa kwenye ndoo. Safari hii ni yangu, naomba uelewe hapo, kuanzia Septemba nimeandika barua, nimetafuta kanisa la kutulaza, nimejaza fomu za bima, nimewafundisha wenzangu wiki sita mfululizo namna ya kuingia nyumbani kwa mtu bila kumdharau, na mwaka jana nilikuwa kwenye nyumba hii hii ya Mzee Verlin Stacy, nikashikilia ngazi siku nne wakati paa la baraza lake linawekwa.

Mwaka huu kazi ilikuwa kumjengea njia ya mteremko kutoka barazani hadi chini, yenye reli ya kushikilia kila upande, kwa sababu mkewe, Bi. Arvella, alivunjika nyonga mwezi Desemba na yuko kwenye kituo cha kuuguzia wazee, na hawezi kurudi nyumbani bila njia ya kiti cha magurudumu. Siku ya kwanza nilisimama mbele ya kikundi na daftari langu nikaanza kusoma vipimo, mzee akatoka na kikombe chake cha kahawa akanitazama, akasema, "Na wewe, Bibi Daftari, ndiyo mara yako ya kwanza kushuka kwenye bonde letu?"

Nilisema, "Hapana, mzee, nilikuja mwaka jana."

"Ahaa," akasema, kama mtu anayekubali ili yaishe.

Hapo hapo Odalys, ambaye hata sikuwa nimempangia kazi, akaokota ubao, akafumba jicho moja akauangalia kwa urefu wake, akasema, "Mzee, huu umepinda. Tuulaze mgongo juu."

"Nani kakufundisha hayo?"

"Baba. Kila nikikosea ananirushia msumari."

"Basi hukukosea sana, macho yote mawili unayo."

Wakacheka wote wawili kama watu waliokutana msibani na harusini miaka ishirini. Kabla ya chakula cha mchana mzee alikuwa anatangazia kila mtu, "Huyu mtoto kazaliwa na msumeno mkononi. Ninyi wengine mmezaliwa na nini?" Tobin, kiongozi mwenzangu, akamjibu, "Na kadi ya maktaba, mzee," na kila mtu akacheka, na mimi nikacheka, kisha nikarudi kwenye vipimo vyangu.

Jumanne na Jumatano mvua ilinyesha tukakaa barazani. Tukala maharage na mkate wa mahindi, na mzee akaingia ndani akatoka na kiti chenye mto wa rangi ya bluu, akakiweka karibu naye. "Kiti cha Arvella hiki, hakikaliwi," akasema. "Ila wewe Odalys kaa." Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo, mshauri, nimesimama na sahani mkononi, mwaka wa pili kwenye baraza lile.

Jioni baada ya chakula huwa tunakaa duara kanisani na kila mtu anataja ua la siku yake, mwiba wake na chipukizi lake, yaani kilichompendeza, kilichomchoma na anachokitarajia, na mimi ndiye ninayeendesha duara. Alhamisi ilipofika zamu ya Odalys alisema, bila kulia wala kuremba, "Mwiba wangu ni kwamba nikiwa na miaka tisa wanafunzi kama sisi walikuja kutupakia nyumba rangi, na baba akajifungia chumbani hadi walipoondoka. Leo nilijikuta natazama dirisha la Mzee Verlin kuona kama naye amejifungia." Watu kumi na mmoja hawakusema neno. Mimi nilitakiwa kusema asante, nikasema asante, lakini nakuungamia ukweli ambao sijamwambia mtu: nilimwonea gere. Nilimwonea gere kwa umaskini wake, kwa sababu mimi baba yangu ni daktari wa meno na sina cha kusema kwenye duara kitakachowanyamazisha watu.

Sasa nifike kwenye karatasi. Tuna desturi, siku ya kwanza tunabandika ukutani mifuko kumi na miwili ya karatasi ya kaki, kila mmoja na jina lake, na wiki nzima watu wanatumbukiza vikaratasi vya kumshukuru mwenzao, na ni mwiko kufungua mfuko, hata wako mwenyewe, mpaka gari livuke mto kurudi nyumbani. Ijumaa asubuhi mzee alikuja kanisani kula nasi, akaiona mifuko, akauliza ni ya nini, akaelezwa, akaomba karatasi na kalamu, akainama akaandika polepole hadi chai yake ikapoa. Kisha akaikunja mara nne na kuniuliza mimi, "Bibi Daftari, wa Odalys ni upi?" Nikamwonyesha kwa kidole. Akautumbukiza, akanishukuru, akaenda kula.

Wenzangu walipotoka kupakia vifaa nilibaki peke yangu na mifuko ile, nikajiambia naisoma tu naifunga naiweka, nikaichomoa, nikaisoma, na kabla sijaikunja Tobin akapiga kelele mlangoni, "Kiongozi! Funguo za gari unazo wewe?" nikaibana kwenye daftari nikatoka. Imeandikwa hivi, nainakili kama ilivyo:

"Odalys mwanangu. Reli ya kulia imekaa vizuri. Ya kushoto bado, mvua imetuibia siku. Mkaguzi wa kituo anakuja Ijumaa tarehe 17 Aprili saa nne asubuhi. Akikuta upande mmoja mtupu Arvella hatoki. Shirika wanasema kikundi kingine ni mwezi Juni. Mimi bega langu halipandi tena. Njoo Jumamosi yoyote kabla ya hapo, mbao ninazo na skrubu ninazo. Njoo na yule wa daftari wa mwaka jana, vipimo anavyo yeye. Simu ya nyumbani ni hii hapa chini. Usipopiga nitajua mmebanwa na masomo, sitakusumbua. Verlin Stacy."

Hata jina langu hakuliandika. Yeye ni Odalys mwanangu, mimi ni yule wa daftari.

Tulipovuka mto kila mtu alifungua mfuko wake. Wangu niliufungua baadaye, kwa kuwa nilikuwa naendesha, nikakuta vikaratasi kumi na kimoja, na tisa kati yake vilisema asante kwa kupanga vizuri. Odalys alisoma vyake kimoja kimoja, kisha akaugeuza mfuko akaukung'uta, akachungulia ndani, akaukunja akauweka mapajani, na mimi niliyaona yote hayo kwenye kioo cha dereva nikaendelea kuendesha gari.

Nilijiambia nimelinda kanuni. Katika mafunzo yetu, na mimi ndiye mwalimu, tunasema usimwahidi mwenyeji kwamba utarudi, usigawe namba zako, usijifanye mkombozi wa mtu, kazi ikibaki ni ya shirika la pale. Nikajiambia Odalys angeahidi asichoweza, mzee angeumia, bora hivi. Nilijiambia hayo wiki tatu na siku nne. Nikajiambia pia kwamba mzee atampata fundi mwingine.

Jana baada ya makofi Odalys alinifuata koridoni, akanikumbatia, akasema, "Dada, mimi sijui kupanga kitu, itabidi unifundishe." Kisha akasema, "Unajua kilichoniuma? Mzee Verlin hakuniandikia hata neno. Nilidhani tumeelewana. Labda nilimzoea mno."

Nikamwambia, "Wazee wa kule si watu wa kuandika-andika."

Hilo nalo nimelisema kwa mdomo wangu.

Nisaidie, mshauri. Je, nimwambie Odalys, anichukie, chuo kizima kijue? Au nimpigie mzee mimi mwenyewe, bila kumtaja mtu, nichukue drili, niende na Tobin Jumamosi hii, tufunge hiyo reli, Bi. Arvella arudi kwake na mambo yaishe bila mtu kuumia? Vipimo ninavyo. Kazi ya siku moja.

Ni mimi,
Kiongozi, mwaka wa tatu, kusini mwa Ohio

*

Kiongozi,

Nimeisoma barua yako mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalenda mezani. Imenifikia Jumatano tarehe 8 Aprili asubuhi. Gazeti hili linatoka Alhamisi. Kati ya leo na ukaguzi wa tarehe 17 imebaki Jumamosi moja tu, tarehe 11. Ndiyo sababu jibu hili nimekutumia kwa barua pepe leo hii kabla ya saa sita, na linachapishwa kwa idhini yako, majina yakiwa yamebadilishwa.

Nianze na lile ulilolifanyia kazi. Safari za namna hii haziendi zenyewe. Mtu anakaa kuanzia Septemba akiandika barua na kujaza fomu, na siku ya safari kila mtu anamtazama mwenye msumeno. Vikaratasi tisa vya asante kwa kupanga vizuri si matusi, lakini naelewa kwa nini vilikuuma. Ulitaka mmoja akuone wewe, wao wakaona ratiba yako. Kuumia kwa hilo si kosa, na wala huhitaji kuniomba radhi kwa hilo.

Sasa tuyaite mambo kwa majina yake. Barua yako yote inazungumza kama mtu aliyenyang'anywa kitu. Wivu ni kuogopa kunyang'anywa kilicho chako. Mzee Verlin hakuwa wako. Baraza lake si lako, kiti cha mkewe si chako, na mapenzi yake kwa mtoto wa fundi hayakukatwa kutoka kwenye fungu lako. Ulichokuwa nacho ni husuda: ulitaka mwenzako asikipate. Tofauti hiyo si ya kamusi tu. Mwenye wivu analia. Mwenye husuda anaingiza mkono kwenye mfuko.

Na husuda yako ilifika mbali. Uliona gere kwa mtoto wa miaka tisa aliyemwona baba yake akijifungia chumbani kwa aibu. Umeniungamia hilo mwenyewe, na nakupa heshima ya kutoliremba. Lakini lisome tena. Msichana yule alitaja jambo lililomwuma zaidi maishani, na wewe ukalihesabu kama alama alizokupita. Duara lile uliliendesha kama mashindano, na hakuna aliyekuwa anashindana nawe.

Tuje kwenye kanuni. Usiahidi kurudi, usijifanye mkombozi: ni kanuni nzuri, na inamlinda mwenyeji. Hapa mwenyeji ndiye aliyeomba. Ameandika siku, saa, kazi yenyewe, mbao ziko wapi, na akaweka na mlango wa kukataa kwa heshima. Kama uliona kanuni inavunjwa, ungempelekea Dokta Quill karatasi ile Jumatatu ya tarehe 16 Machi, ukasema hiki kimeombwa, tufanyeje? Hukufanya hivyo. Uliificha kwenye daftari. Kanuni haifichwi kwenye daftari.

Nimepiga simu mbili asubuhi hii, kwa vituo viwili vya kuuguzia wazee katika jimbo lile, bila kumtaja mtu, kuuliza mkaguzi akikuta reli haijakamilika inakuwaje. Vyote viwili vimenijibu karibu sawa: ruhusa inaahirishwa, na ukaguzi mwingine hupangwa baada ya wiki tatu hadi tano. Kwa hiyo unapouliza kama mtu ataumia, huyo mtu ana jina. Ni Arvella Stacy, yuko kitandani pasipo pake tangu Desemba, na mumewe anaiangalia simu ya mezani ambayo hailii. Ameshaamua kwamba mmebanwa na masomo. Amekutafutieni udhuru mapema, na mimi nilipolisoma hilo ndipo nilipokukasirikia hasa.

Kuna mstari mmoja uliounakili kwa mkono wako na hukuusoma. "Njoo na yule wa daftari wa mwaka jana." Wewe umeona jina lako halipo. Mimi nimeona maneno mawili: mwaka jana. Siku ya kwanza alikuuliza kama u mgeni, Ijumaa ameshakukumbuka. Na amekuita uje. Alimhitaji Odalys kwa mikono yake na wewe kwa vipimo vyako, akaandika wote wawili kwenye karatasi moja. Ulipoichomoa karatasi ile uliiba mwaliko wako mwenyewe. Sikuambii hili ili ufurahi. Nakuambia ili ujue husuda inavyomfanya mtu mwenye elimu yako asijue kusoma.

Swali lako la mwisho limenitia wasiwasi kuliko wizi wenyewe. Unataka kumpigia mzee kimyakimya, uchukue drili, uende na Tobin, ufunge reli, urudi. Yaani karatasi iliyoandikwa kwa Odalys uitumie wewe, kazi aliyoombwa Odalys uifanye wewe, na shukrani za Bi. Arvella mlangoni uzipokee wewe. Umeiba mara moja na sasa unaniomba nikusaidie kubeba mzigo uliobaki. Jibu ni hapana.

Utafanya hivi. Leo kabla ya chakula cha jioni umtafute Odalys, ana kwa ana, si kwa ujumbe wa simu. Umpe karatasi yenyewe, si picha yake. Usianze na uchovu wala na msongo wa masomo, wala usianze kulia, kwa sababu ukilia atakubembeleza wewe na muda utaisha. Sema: "Mzee Verlin alikuandikia. Niliitoa mimi kwenye mfuko wako, Ijumaa asubuhi, kwa husuda. Na juzi nilikudanganya." Kisha unyamaze. Atasema atakachosema. Akikutukana, sikiliza hadi mwisho. Akiondoka bila kusema kitu, usimfuate.

Akishaisoma, apige simu yeye. Namba ni yake. Mzee akiuliza mbona kimya kirefu, usimwachie Odalys kazi ya kukusitiri. Omba simu, jitaje, useme ni wewe. Ninavyomsoma mzee huyu, hatapiga kelele. Atakuuliza kama vipimo bado unavyo. Usifurahi sana akiuliza hivyo; ni mtu mwenye haraka.

Kazi haifanyiki bila shirika la pale, na hapo kanuni zako zina maana. Wao ndio wenye dhamana ya nyumba ile na ndio watakaoulizwa reli ikilegea. Odalys akikubali kwenda, wewe ndiye unayejua nani wa kumpigia pale, fomu ipi, bima ipi, gari la chuo linaombwaje kwa siku mbili. Hilo ulifanye leo leo, kwa sababu hiyo ndiyo kazi unayoijua kuliko wote, na mara hii uifanye bila kusubiri kikaratasi.

Kama atakwenda nawe au bila wewe, aamue yeye. Akisema baki, utabaki, utararua kurasa za vipimo kwenye daftari umpe, na utamweleza Tobin ukweli ili aende badala yako. Akisema twende, utakwenda, utashika pimamaji, na atakapokwambia skrubu imekaa vibaya utaitoa. Usipige picha. Usiandike chochote mtandaoni kuhusu msamaha.

Dokta Quill naye aambiwe, na aambiwe na wewe, kesho asubuhi ofisi ikifunguliwa. Usiende kujiuzulu kwa vishindo. Cheo cha kujiuzulu huna tena, kina mwenyewe. Nenda ueleze kilichotokea kwa mfuko, ueleze na kwamba mwenyeji ameomba msaada na shirika limejulishwa. Akikuzuia kwenda safari za ofisi yake kwa mwaka mzima, atakuwa ana haki. Ukitaka kumfundisha Odalys kupanga, kama alivyokuomba koridoni, subiri akuombe tena akiwa anajua yote. Huenda asiombe.

Unaogopa chuo kizima kijue. Kitajua. Wiki mbili watasema, wiki ya tatu kuna mitihani. Kuna mwanamke hukumtaja mara nyingi kwenye barua yako, na yeye ndiye anayesubiri zaidi ya ninyi wote. Kila unapotaka kuahirisha, taja jina lake kwa sauti.

Nyongeza: Hadi ukurasa huu unakwenda mitamboni Jumatano jioni, mwandishi wa barua amenijibu kwa maneno haya tu: "Nimempa. Amesoma amesimama. Ameingia ndani kupiga simu." Baada ya dakika arobaini akaandika tena kwamba shirika la Kentucky limekubali kufungua stoo ya vifaa Jumamosi tarehe 11 saa mbili asubuhi, na kwamba Odalys bado hajamwambia kama yeye, mwandishi, atakuwa kwenye gari. Gari la chuo limeombwa kwa watu wanne. Majina yaliyoandikwa hadi sasa ni mawili, la mwandishi halimo. Linaondoka Ijumaa tarehe 10 Aprili saa tisa alasiri, nyuma ya maktaba.